Hidatidi Turkana: mbwa anabeba, lakini nani anamlisha?

Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, hospitali za Lodwar na Kakuma, huko Turkana kaskazini-magharibi mwa Kenya, zilikuwa zikipokea mgonjwa wa aina moja tena na tena. Mara nyingi alikuwa mwanamke, tumbo limejaa upande wa kulia chini ya mbavu, na uvimbe wenyewe ulianza kidogo miaka mingi iliyopita ukakua polepole bila homa wala maumivu makali. Alipopasuliwa, ndani ya ini lilikutwa fuko jeupe lililojaa maji maangavu, pengine lita kadhaa. Wengine walikuwa nalo kwenye pafu, na wachache kwenye figo, wengu au ubongo.

Huo ni ugonjwa wa hidatidi. Takwimu za upasuaji za miaka hiyo kutoka kaskazini-magharibi mwa Turkana zilionyesha wagonjwa zaidi ya 200 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, moja ya viwango vya juu kabisa vilivyowahi kuandikwa duniani. Na hao ni wale tu waliofika kwa daktari wa upasuaji, katika nchi kubwa yenye barabara chache na familia zinazohama kufuata malisho.

Kisa hiki kimezoeleka kusimuliwa kwa ufupi mno: Waturkana wanafuga mbwa, mbwa wana minyoo, basi watu wakaugua. Ukiishia hapo, suluhisho linalokujia ni kuua mbwa. Lakini mbwa wenye mnyoo huohuo walikutwa pia kwenye maboma ya Wamasai kusini mwa Kenya, na kule watu hawakuugua kwa kiasi hicho. Kwa hiyo mbwa peke yake hatoshi kuwa maelezo. Kuna jambo linalotokea kati ya mbwa na mtu, na lingine linalotokea kati ya mtu na mbwa, na la pili ndilo linalosahaulika.

Mnyoo wenyewe ni aina ya tegu, Echinococcus granulosus kwa jina la kisayansi. Anayefikiria tegu wa mita kadhaa atashangaa, maana huyu ana urefu wa milimita 3 hadi 6 tu na pingili tatu au nne. Anaishi katika utumbo mwembamba wa mbwa, na mbwa mmoja anaweza kubeba maelfu bila kukonda, bila kuharisha, bila manyoya kunyonyoka. Hili ni la kuzingatia sana. Mwenye mbwa hana dalili yoyote ya kumshtua. Mbwa anayebweka vizuri usiku, anayekimbia na mbuzi mchana, ndiye huyohuyo anayetoa mayai kwenye kinyesi chake, na mayai hayo ni madogo kiasi kwamba jicho haliyaoni.

Mayai yakimezwa na mbuzi, kondoo, ng'ombe au ngamia, kiluwiluwi hutoka, hutoboa ukuta wa utumbo, husafiri na damu na kutua kwenye ini au pafu. Hapo anajenga fuko la maji. Ndani ya fuko hutokea punje ndogo kama mchanga laini, na wataalamu wanauita hivyo hivyo, mchanga wa hidatidi. Kila punje ina kichwa kinachosubiri kuliwa na mbwa ili kiwe mnyoo mzima. Mbwa akila fuko moja lenye uhai, amekula maelfu ya vichwa kwa mkupuo, na baada ya wiki sita au saba anaanza naye kutoa mayai.

Mtu anaingia katika mzunguko huu pale alipo mbuzi. Anameza yai, anajengewa fuko. Hamwambukizi mtu mwingine.

Sasa tazama siku ya kuchinja. Mbuzi amechinjwa chini ya mti, ngozi imetandazwa, nyama inawekwa juu yake. Anayepasua anatoa mapafu na ini, anavigeuzageuza mkononi. Kwenye pafu kuna kibonge kigumu, cheupe, chenye ukubwa wa yai la kuku. Anakibonyeza, kinanesa. Mtu mzima yeyote anayejua mifugo anajua kwamba hiyo si nyama nzuri. Anakata kipande kile chenye uvimbe, pengine pafu zima, na anakitupa pembeni. Mbwa alikuwa ameshakaa tayari.

Kitendo hicho kinafanywa kwa uangalifu na kwa nia njema, ya kuwakinga watoto wasile kitu kibaya. Lakini mtu haambukizwi hidatidi kwa kula ini au pafu lenye fuko. Anaambukizwa kwa kumeza mayai yaliyotoka kwa mbwa. Kwa kuogopa njia ambayo haina hatari, familia inafungua njia yenye hatari yenyewe. Mbwa wa Turkana hakuzaliwa na mnyoo na hakuuokota porini, bali alipewa na mkono uleule unaomlisha. Kama kuna jambo moja ambalo ningependa kila anayefuga mbwa na kuchinja nyumbani alijue, ni hili.

Hatua za kuvunja kiungo hiki si ngumu kuzieleza: choma viungo vyenye uvimbe, au vichemshe mpaka viive hasa kabla ya kumpa mbwa, au vizike kwa kina ambacho mbwa hawezi kukifukua, na ufunge mbwa mpaka kazi ya kuchinja iishe. Kuzieleza ni rahisi kuliko kuzifuata. Kuni ni chache, ardhi ni ngumu, na mbwa wa mfugaji hanunuliwi chakula, mapato yake ni hayo mabaki. Mtaalamu anayemwambia mama wa Kiturkana asimpe mbwa matumbo anapaswa kumwambia pia mbwa atakula nini. Kumpa vilivyochemshwa ndilo jibu ninaloliona la haki, kwa kuwa halimnyimi mbwa riziki yake.

Watafiti walipowapima mbwa wa kaskazini-magharibi mwa Turkana kwa kuwapasua waliokufa na kuchunguza utumbo, zaidi ya nusu walikutwa na mnyoo. Tayari mwaka 1963 George Nelson na Robert Rausch walikuwa wameandika juu ya mnyoo huu kwa watu na wanyama wa Kenya, kwa hiyo haikuwa siri. Ngamia ndio waliokutwa na vifuko kwa wingi kuliko mifugo wengine. Hata hivyo, sampuli za vifuko kutoka kwa wagonjwa zilipokuja kuchunguzwa vinasaba miaka ya baadaye, nyingi zilikuwa za aina ya mnyoo inayozunguka kati ya mbwa na kondoo, na chache tu za aina ya ngamia. Ngamia huchinjwa kwa nadra, mbuzi na kondoo huchinjwa kila mara. Hiyo pia inaelekeza kidole kwenye kuchinja nyumbani.

Tugeukie nusu ya pili ya mzunguko, kutoka kwa mbwa kwenda kwa mtu. Hapa ndipo Turkana ilipotofautiana na wengine.

Mayai ya mnyoo huu ni sugu kwenye baridi na unyevu, yanaweza kukaa miezi. Lakini kwenye jua la Turkana, juu ya mchanga unaounguza nyayo, hukauka na kufa upesi, baada ya saa chache. Majaribio yaliyofanywa hukohuko yalionyesha kwamba yanadumu zaidi kivulini, ndani ya vibanda na kwenye maji. Kwa hiyo hatari kubwa kwa mtu haiko malishoni. Iko nyumbani, kivulini, kwenye manyoya ya mbwa, kwenye pua na ulimi wake baada ya kujilamba, na kwenye mkono wa aliyemgusa. Mifugo nao huyapata zaidi kuzunguka boma wanapolala na kwenye visima wanapokutana kunywa.

Na mbwa wa Turkana aliishi ndani. Alilala kibandani na mama na watoto, alilamba vyungu, na watafiti walioishi na wafugaji miaka hiyo waliandika juu ya kazi yake nyingine: kumsafisha mtoto mchanga. Mtoto akijisaidia au akitapika, mbwa anaitwa, analamba. Najua wapo wanaosoma hili na kukunja uso, na nawaomba wasikimbilie hukumu. Maji ya kunywa katika sehemu nyingi za Turkana wakati wa kiangazi yanachimbwa kwenye mchanga wa laga, mto mkavu, ambako mama anaingia shimoni na kuyachota kidogo kidogo kwa kikombe, kisha anabeba mtungi kichwani kwa mwendo mrefu. Hayo ni ya watu kunywa na kupikia. Kumwogesha mtoto kila anapojichafua kwa maji hayo haiwezekani. Mbwa alikuwa jibu la busara kwa uhaba wa maji, na lililosafisha kweli, kwa jinsi jicho linavyoona usafi.

Ndiyo maana wanawake waliugua zaidi, karibu mara mbili ya wanaume. Wao ndio waliokuwa karibu na mbwa, na vyungu, na watoto. Na kwa kuwa fuko hukua taratibu, kwa baadhi milimita chache tu kwa mwaka na kwa wengine sentimita kadhaa, wengi walilibeba tangu utotoni na kuligundua wakiwa watu wazima. Mzazi hawezi kuunganisha tumbo lililovimba la binti wa miaka 25 na mbwa aliyekufa zamani.

Kwa Wamasai, mbwa alikuwa mlinzi wa zizi. Alilala nje, hakuingizwa kibandani kulea. Mnyoo alikuwa naye, mifugo walikuwa na vifuko, lakini kiungo cha mwisho kilikuwa legelege. Kwangu mimi ulinganisho huu ndio moyo wa kisa chote. Jamii mbili za wafugaji, mnyoo mmoja, mbwa wa aina ileile, na tofauti kubwa ya wagonjwa iliyotokana hasa na umbali kati ya pua ya mbwa na mdomo wa mtoto.

Kuna hoja nyingine iliyotolewa na mtafiti Calum Macpherson mwaka 1983, kwamba huenda hata binadamu alikuwa akiurudisha mnyoo kwenye mzunguko, kwa kuwa zamani baadhi ya maiti hazikuzikwa bali ziliachwa mbali na boma, na mbwa na wanyama wa porini walizifikia. Kwingineko duniani mtu ni mwisho wa safari ya mnyoo huyu. Kwa maoni yangu njia hiyo, hata ilipokuwapo, ilikuwa ndogo ikilinganishwa na mbuzi wanaochinjwa mwaka mzima.

Mwaka 1983 shirika la AMREF, lile lililoanzishwa mwaka 1957 kama madaktari wanaoruka kwa ndege, lilianza mpango wa kudhibiti hidatidi Turkana. Mpango ulikwenda kwa njia kadhaa pamoja. Mbwa wenye wenyewe walipewa prazikwanteli, dawa inayomwua mnyoo utumboni, miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito. Mbwa wasio na mwenyewe walipunguzwa. Familia zilifundishwa juu ya kuchinja na kuishi na mbwa. Wagonjwa walitafutwa na kutibiwa.

Dawa ya mbwa ina hesabu yake. Prazikwanteli haimwachii mbwa kinga yoyote. Akimeza leo na kesho akala pafu lenye fuko, anaanza upya. Mnyoo mpya anahitaji wiki sita hivi kabla ya kutoa mayai, kwa hiyo mbwa akipewa kidonge kila wiki sita, kila kizazi cha mnyoo kinakufa kabla ya kuzaa. Hiyo ndiyo hesabu, na ni nzuri kwenye karatasi. Kwenye nchi ya wahamaji, ndani ya wiki sita familia imeshahama, boma limegawanyika, kijana ameondoka na ngamia na mbwa wawili kuelekea mpakani. Isitoshe, dawa inaua mnyoo lakini haiui mayai, kwa hiyo kinyesi cha siku moja au mbili baada ya kidonge ndicho kibaya zaidi. Mbwa anatakiwa afungwe na kinyesi kichomwe au kizikwe. Kampeni inayogawa vidonge na kuondoka bila kulisema hilo imefanya nusu ya kazi.

Upande wa watu, mpango ule ulifanya jambo ambalo bado linastahili kusifiwa. Mashine ndogo ya ultrasaundi inayobebeka ilipelekwa hadi kwenye maboma na visima, ikaendeshwa kwa jenereta. Mtu analala kivulini, tumbo linapakwa jeli, na ndani ya dakika chache ini linaonekana. Mwaka 1987 Macpherson, Thomas Romig, Eberhard Zeyhle na wenzao walionyesha kwamba mashine hiyo iliwagundua wenye vifuko vizuri kuliko kipimo cha kingamwili kwenye damu, maana wengi waliokuwa na fuko dhahiri hawakuwa na kingamwili za kuonekana. Uchunguzi huo ulipopanuliwa kwa wafugaji wa Kenya na nchi jirani, zaidi ya watu 18,000 walipimwa, na Turkana ya kaskazini-magharibi ikaongoza kwa watu kati ya 5 na 6 kwa kila 100. Watoposa wa upande wa pili wa mpaka, katika Sudan Kusini ya leo, walifuata. Mnyoo haukujua mpaka.

Picha hizo zilifundisha jambo lingine ambalo madaktari hawakulitarajia. Si kila fuko linahitaji kisu. Baadhi yalijifia yenyewe, yakajaa vitu vigumu na chokaa, na mwenyewe akaendelea na maisha yake. Leo Shirika la Afya Duniani linagawa vifuko katika hatua tano kwa sura yake kwenye ultrasaundi, na zile mbili za mwisho, ambazo fuko limekufa, kwa kawaida huachwa na kuangaliwa tu. Yaliyo hai na madogo hutibiwa kwa albendazoli, dawa ambayo Turkana ilikuwa miongoni mwa mahali ilipojaribiwa mapema miaka ya 1980. Mengine huchomwa kwa sindano chini ya ultrasaundi: maji yanafyonzwa, dawa ya kuua vichwa inaingizwa, kisha inafyonzwa tena. Makubwa na yaliyokaa vibaya bado yanahitaji upasuaji. Katika yote hayo hofu ni moja, fuko kupasuka ndani, kwa kuwa maji yake yanaweza kuleta mzio mkali wa kuua papo hapo, na kila punje ya ule mchanga ikimwagika tumboni inaweza kuwa fuko jipya.

Ugonjwa ulipungua pale mpango ulipofanya kazi kwa muda mrefu. Haukuisha. Iceland, ambako mwaka 1863 Harald Krabbe alikuta mnyoo kwa mbwa 28 kati ya 100 aliowachunguza, iliutokomeza, lakini ilichukua zaidi ya miaka 100 na vizazi kadhaa vya watu waliojifunza kusoma na kuzika matumbo ya kondoo. Nayo ni kisiwa. Turkana inapakana na Uganda, Sudan Kusini na Ethiopia, na mbwa wanavuka na wenyewe.

Wakati huohuo Turkana inabadilika. Miji kama Lodwar, Kakuma na Lokichoggio imekua, na watu wengi wametulia. Kutulia kunaleta zahanati na shule, lakini pia kunaleta bucha za kando ya barabara zisizo na shimo la kutupa taka, na kundi la mbwa wasio na mwenyewe linaloshinda hapo siku nzima. Mbwa wa boma alikuwa na familia moja. Mbwa wa kichinjio cha mjini anakula vifuko vya mbuzi kutoka kaunti nzima na kujisaidia kwenye kivuli cha mji mzima. Nikiulizwa pa kuanzia leo, ningeanza na uzio na shimo lenye mfuniko kwenye kila sehemu ya kuchinjia mjini kabla ya kununua kidonge hata kimoja. Uzio haukosi dozi.

Chanjo ya kondoo na mbuzi ipo, EG95, iliyotengenezwa Australia na New Zealand miaka ya 1990, na inazuia karibu vifuko vyote kwa mnyama aliyechanjwa vizuri. Ikiunganishwa na kidonge cha mbwa, mzunguko unabanwa pande zote mbili, na mbwa aliyekosa dozi moja hatapata kwa urahisi cha kula chenye madhara. Pia Kenya ina mpango wa kutokomeza kichaa cha mbwa ifikapo 2030, ambao unataka mbwa wakamatwe na kuchanjwa kila mwaka. Mbwa aliyeshikwa kwa ajili ya sindano ameshashikwa, na kumpa kidonge hakuongezi safari. Mara moja kwa mwaka haitoshi kwa hidatidi, lakini ni daftari la mbwa na wenyewe, na daftari hilo ndilo lililokuwa likikosekana kila mpango ulipoanza upya.

Kinachokwamisha zaidi, kwa ninavyoona, ni nani alipe. Mbwa haugui, kwa hiyo daktari wa mifugo hapigiwi simu. Mbuzi hafi, mfugaji anapoteza pafu moja tu. Idara ya mifugo ina homa ya mapafu ya mbuzi na sotoka ya mbuzi na kondoo ya kushughulikia, magonjwa yanayomaliza kundi zima, na itaiweka hidatidi chini ya orodha kila bajeti inapopangwa. Gharama yote inatua wodini, kwa upasuaji na miezi ya albendazoli, miaka 15 au 20 baada ya yai kumezwa. Kitengo cha pamoja cha magonjwa ya wanyama na watu, ambacho wizara za afya na mifugo zilikiunda mwaka 2012, ni mahali pazuri pa kulisema hili waziwazi: kidonge cha mbwa ni matumizi ya afya ya binadamu, na kinapaswa kununuliwa kwa fedha za afya za kaunti, kwenye fungu lilelile linalonunua dawa za wagonjwa.